Panga Nane na Neno Moja

— Elfu themanini. Kazi mpya, bei mpya.

— Kazi ni ileile, fundi. Bei tulishamalizana mwezi uliopita, na pesa yote ukapokea.

— Elfu themanini, binti. La sivyo zichukue kama zilivyo, ukafyekee nyasi za chuo.

Maneno yalikuwa yamefika hapo saa nne asubuhi, na kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa. Kijiwe chenyewe ni benchi la chuma lililoegemea ukuta wa karakana ya Fundi Nyoosha, benchi alilolichomelea kwa vyuma vya kitanda ambacho mwenye nacho hakurudi kukichukua. Jina la Nyoosha hakulipata kwa kunyoosha ringi za baiskeli tu. Kazi alijifundisha mwenyewe kwa kuunguza vidole, na alichojivunia kuliko mikono yake ni mdomo wake: akikosea anasema, ukikosea anakwambia, mkimalizana mmemalizana. Watu walipita karakana mbili njiani kuja kwake kwa sababu hiyo. Benchini, kama kila siku, alikaa Kipaza, aliyewahi kutangaza mechi za mpira kwa spika, spika ikafa, sauti ikabaki. Kando yake alikaa Wakili, ambaye hakuwa wakili bali mwandishi wa barua za watu nje ya ofisi za serikali, mwenye kalamu tatu na muhuri wa tarehe. Birika lilikuwa mikononi mwa Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila aliwakemea wote kama wa kwake. Na aliyesimama mbele yao, kwapani amebana kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye pazia kuukuu, alikuwa mwanafunzi wa historia wa mwaka wa tatu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Aliongoza chama cha wanafunzi wanaojifunza kupigana kwa panga kama walivyopigana watu wa zamani. Kijiwe kilimwita Mwenyekiti, mwanzoni kwa kejeli, sasa kwa mazoea.

— Hebu funua, Mwenyekiti, alisema Kipaza. Jukwaa la upande huu halijaona kitu.

Mwenyekiti alifunua pazia. Upanga ulitoka mrefu kama mguu wa mtu mzima, umetengenezwa kwa springi ya lori, kingo zake mbili zinang'aa mpaka Wakili akasogeza kikombe chake.

— Ningekuwa nao huu jikoni, alisema Shangazi, vitunguu visingeniliza.

— Ndiyo ugomvi wenyewe, Shangazi. Niliagiza panga nane butu. Za mazoezi. Pande zote zisiwe na makali, ncha iwe mviringo kama kidole gumba. Nimeletewa nane zinazonyoa ndevu.

— Siku mbili nzima nimezinoa, alisema Fundi. Mbili. Na sikudai hata senti ya kunoa.

— Nani alikuomba?

— Sikuombwa. Ndiyo uungwana wenyewe. Nikikuuzia jembe lisilolima, nimekuibia. Nikikuuzia mkasi usiokata, nimekuibia. Nikikuuzia upanga butu, kesho watu watasema Nyoosha anawauzia watoto wa watu mabati. Mimi siibi, mwanangu.

— Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, alisema Kipaza.

— Sisi hatuli nyama. Tunapigana.

— Bila makali?

— Bila makali.

Hapo kijiwe kikaamka. Wakili alikohoa, akakunja nne.

— Nisikilizeni. Kisheria, upanga usiokata si upanga. Ni rula. Sasa huyu binti ameagiza panga butu, yaani ameagiza kitu ambacho hakipo. Na mtu hawezi kukosea kutengeneza kitu ambacho hakipo. Mkataba umekufa kabla ya kuzaliwa. Naweza kukuandikia barua.

— Kwa nani? aliuliza Mwenyekiti.

— Kwa yeyote. Elfu mbili, muhuri juu yangu.

— Barua ya nini wakati jambo liko wazi? Kipaza alidakia. Hawa wanaandaliwa ulinzi. Chuo kimechoka kulipa walinzi, kinawafundisha wanafunzi. Mwizi akija usiku anakutana na mtu wa historia.

— Mwenye upanga butu?

— Mwizi hajui kama ni butu. Mwizi hana muda wa kupima. Haraka haraka haina baraka.

— Wewe nawe, alisema Wakili. Fikiria mbali kidogo. Kama wanafuata mambo ya zamani sawasawa, na panga wanataka butu, maana yake nini? Maana yake watu wa zamani hawakuwa na makali. Ndiyo maana unasikia vita vimoja miaka thelathini. Watu wanapigana asubuhi, wanaenda kula, wanarudi. Hakuna anayekufa, isipokuwa kwa uzee.

— Na makali yakaja lini?

— Makali waliyaleta makarani. Askari analipwa kwa siku, hazina inakauka, karani akasema jamani, kitu hiki hakiwezi kunolewa kidogo?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kipaza kwa huzuni, kana kwamba alikuwa na ndugu katika vita hivyo.

Hata Mwenyekiti alicheka, kicheko kifupi, akakimeza. Fundi alimwona akicheka, na kwa sababu asiyoijua kile kicheko kilimuudhi kuliko maneno yake yote.

— Mwacheni mtoto aseme, alisema Shangazi. Wewe binti, haraka ya nini? Si ungesubiri, mkaelewana taratibu?

Mwenyekiti aliuegemeza upanga kwenye benchi, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya blauzi.

— Kuna sheria ya chuo, Shangazi. Chama cha wanafunzi kisichofanya onyesho la hadhara kabla muhula haujaisha kinafutwa. Muhula unaisha wiki ijayo. Jumamosi hii wenzetu wa chuo cha ng'ambo ya mto wanakuja kushindana nasi, kwa nauli zao wenyewe. Barakoa za wavu tunazo, za kuazima. Panga hatuna. Mpaka leo tunafanyia mazoezi mipini ya mafagio. Jana mshauri wa wanafunzi aliingia ukumbini, akaona hizi, akagusa moja kwa kidole. Kidole kikatoka damu. Akazifungia stoo, akaweka ufunguo mfukoni. Amesema Ijumaa jioni atakuja kugusa tena. Zikiwa butu, Jumamosi ipo. Zikikata, chama hakipo.

— Na wewe huu uliupataje?

— Huu nilikuwa nao chumbani, naukagua.

— Chama kina watu wangapi? aliuliza Kipaza.

— Kumi na mmoja. Tulikuwa ishirini na watatu.

— Na wewe ndiye bingwa wao?

— Mimi ndiye wa mwisho. Kila mtu ananipiga. Kazi yangu ni kuandika barua za kuomba ukumbi, kufika wa kwanza, kusogeza meza za chakula na kufagia wali chini ili watu wasiteleze. Bingwa wetu anasoma uhasibu. Hajawahi kufagia hata siku moja.

Shangazi alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Kwa Shangazi, hiyo ilikuwa hukumu, na Fundi aliielewa.

— Mimi sikatai kuzifanya butu, alisema, akasimama. Nasema ni kazi mpya. Grenda inakula umeme, mawe ya grenda nanunua, ncha nane kuzikata na kuzizungusha ni siku nzima. Hukuniambia butu. Uliniambia panga. Ungesema butu ningefanya butu. Mimi na mtu tukielewana, tumeelewana. Kila mtu hapa ananijua.

— Anajulikana, alikubali Kipaza.

— Anajulikana, alisema Wakili.

Mwenyekiti alishika kikombe kwa mikono miwili. Alimtazama tu kupitia miwani yake ya uzi, kisha akanywa kahawa.

Sasa, Fundi Nyoosha hakuwa na daftari la kazi. Alichokuwa nacho ni ukuta wa ndani wa karakana na kipande cha chaki. Mteja akija, Fundi anachora anachotaka mteja pale ukutani, mteja anatazama, anasema panua, punguza, hapo sawa, na mchoro haufutwi mpaka kazi ichukuliwe na mwenyewe aridhike. Na mchoro wa panga ulikuwa bado upo. Upanga mmoja mrefu, ncha mviringo, pembeni namba nane, na chini yake neno BUTU kwa herufi zake mwenyewe, kubwa, zimelala upande kama kawaida yake. Aliandika akijua anachoandika. Ila alipofika kwenye kuzitengeneza, springi ilikubali moto vizuri mno, chuma kikatoka kizuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza, na roho yake ikakataa. Akajiambia watoto hawa hawajui kuagiza, nitawapa kitu cha kweli, watanishukuru. Asubuhi hii, alipomwona msichana akitokea kwenye kona na pazia lake, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Alichukua bati la geti la mtu, akaliegemeza kwenye ule ukuta.

— Mimi kuna kitu sielewi, alisema Shangazi. Upanga haukati. Mtu haanguki. Sasa mnajuaje nani kashinda?

— Kuna refa, alisema Kipaza. Lazima kuna refa. Mchezo bila refa ni sokoni.

— Tulikuwa nao wawili, alisema Mwenyekiti. Mwaka wa kwanza. Tukawa tunagombana na marefa kuliko tunavyofanya mazoezi. Huyu aliona, huyu hakuona, huyu anampendelea mwenzake wa bwenini. Ndipo watu wakaanza kuondoka. Nilipochaguliwa mimi nikawaondoa marefa.

— Ukaweka nani?

— Sikuweka mtu. Kwetu anayesema ni yule aliyepigwa. Pigo likikufikia, unasimama, unanyoosha mkono wa kushoto juu, unasema: limenipata. Basi. Aliyepiga haruhusiwi kusema. Hata kama kila mtu kaona, aliyepiga ananyamaza, anasubiri.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Haiwezekani, alisema Wakili. Binadamu hajishtaki. Sheria yote imejengwa juu ya hilo. Mimi nimeandika barua miaka kumi na tisa, sijawahi kuandika ya mtu anayesema ni kosa langu.

— Basi njoo ujaribu, alisema Mwenyekiti.

Fundi mwenyewe ndiye aliyetoa vipande viwili vya mpira wa maji, vya mita moja moja, maana alitaka kuona, na maana alitaka watu watazame pengine. Wakili alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi muhuri ukiwa juu. Kipaza alishika mpira wake kama maikrofoni.

— Na pambano linaanza, mabibi na mabwana, uwanja umefurika, Kipaza anasogea, Kipaza anazunguka, mpinzani wake anaonekana ana njaa...

— Unapigana au unatangaza?

— Naweza vyote viwili. Anatishia kulia, kumbe kushoto, anaingia...

Mpira ulimpata Wakili tumboni, sauti yake ikasikika mpaka upande wa pili wa barabara, kwa fundi wa viatu, aliyeinua kichwa.

Wote walimtazama Wakili. Kipaza alifungua mdomo, Mwenyekiti akamwinulia kidole, Kipaza akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona Kipaza akinyamaza kwa amri.

Wakili alilitazama tumbo lake.

— Kwanza, alisema, tufafanue neno kupigwa.

— Aa, Wakili.

— Tufafanue. Kilichoguswa ni shati. Shati ni mali, si mwili. Pili, nilikuwa narudi nyuma, na mtu anayerudi nyuma amekwisha kujitoa kwenye pambano. Tatu, pambano halikutangazwa rasmi.

— Nimelitangaza mimi, alisema Kipaza.

— Mtangazaji hawezi kuwa mpiganaji. Hilo ni la nne.

— Alama ya vumbi iko hapo tumboni, baba, alisema Shangazi. Nyumba njema si mlango.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Haingii. Nimechoka tu kukusikiliza.

Walicheka wote, Wakili naye akicheka, lakini mkono wake wa kushoto haukupanda. Alijipangusa vumbi, taratibu, mpaka alama ikatoweka.

Katikati ya kicheko hicho ndipo walipomwona mtu amesimama pembeni na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, ameshika uma wake uliokatika, ule unaobeba gurudumu. Hakuna aliyemjua. Inaelekea alikuwa amesimama pale kitambo, kwa sababu alikuwa ameshaegemeza baiskeli ukutani.

— Samahanini, alisema. Nimekuja kuchomelewa. Ila nimesikia hilo la mchezo wenu, nauliza tu. Aliyepigwa asiposema, inakuwaje?

Kipaza alimgeukia Wakili. Wakili akatazama koti lake. Shangazi akatikisa birika, likajibu kwa mlio mwembamba wa masimbi ya kahawa.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Nimeuliza vibaya? alisema mtu wa baiskeli.

— Hujauliza vibaya, alisema Mwenyekiti. Hata mimi sijui jibu. Chamani bado haijatokea. Wapo wanaokawia. Yupo mmoja alikawia mpaka kesho yake, akaja kugonga mlango wangu wakati napiga mswaki. Lakini asiyesema kabisa hatujampata bado.

Alisema hivyo bila kumtazama Fundi. Na hilo ndilo lililomshtua Fundi. Kwa sababu alikumbuka. Siku ile ya kuagiza alichora upanga wenye ncha kali kwanza, kwa mazoea ya mkono, na huyu msichana akainama, akaifuta ile ncha kwa kidole chake mwenyewe, akasema, hapana, fundi, hapa mviringo. Alisimama pale pale mbele ya ukuta. Aliliona neno BUTU likiandikwa, akaomba hata liandikwe kubwa. Kwa hiyo tangu asubuhi, kila alipotupa jicho ndani, alijua kilichoko nyuma ya bati. Angeweza kusema neno moja mbele ya kijiwe kizima: ondoeni hilo bati. Kipaza angelitangaza mpaka barabara ya pili. Jina la miaka ishirini na mbili lingeisha kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na siku mbili tu za kukiokoa chama chake, na hakulisema. Alisimama, akasubiri.

Fundi alihisi hasira ikimpanda, akaitafutia mtu wa kumwangukia, hakumpata. Mtu wa baiskeli alikuwa mteja. Wakili alikuwa Wakili tu.

Aliingia karakana. Walisikia bati likiburutwa sakafuni, mlio mbaya wa kukera meno. Kipaza alikuwa wa kwanza kuchungulia, Wakili wa pili, na Shangazi aliwasukuma wote wawili kwa kiwiko akapita katikati.

Mchoro ulikuwa hapo. Upanga mrefu, ncha mviringo, nane. Kwenye ncha kulibaki ukungu wa chaki mahali kidole kilipofuta, na chini herufi nne zimelala upande, ambazo hakuna mtu wa mtaa ule asiyezijua ni za mkono wa nani.

Kipaza hakutangaza chochote.

— Ziletwe leo mchana, alisema Fundi, akiwapa mgongo, anazungusha waya wa grenda mkononi. Zote. Mwambie huyo mshauri wenu afungue stoo, au nije mwenyewe nizifanyie pale pale mlangoni pake. Kesho alasiri ziko tayari. Ncha nitazizungusha kwa tupa, kwa mkono, moja moja. Aje aguse mpaka achoke.

— Na elfu themanini? aliuliza Wakili kwa sauti ndogo.

— Elfu themanini gani? Nani amekutajia elfu themanini? Na Jumamosi nitakuja, aliongeza, kama ni hadhara. Nitabeba hata meza.

Alidhani yameisha. Mdomo aliojivunia aliuweka kando, akaiachia kazi iseme badala yake. Alishawahi kuwalipa watu wengi kwa kazi, na wote waliondoka wameridhika. Lakini alipogeuka, Mwenyekiti alikuwa bado amesimama mlangoni. Pazia limeshaviringishwa, upanga kwapani, miwani imekaa upande. Hakuwa na uso wa ugomvi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika wa kwanza ukumbini, anasubiri wenzake waje.

— Asante kwa kazi, baba, alisema. Kazi sikuwa na wasiwasi nayo.

— Sasa unataka nini tena? Si nimekwambia zitakuwa tayari?

— Umesema.

— Na pesa sitaki.

— Umesema.

— Basi?

Alitazama mkono wa kushoto wa Fundi, uliokuwa bado umeshika waya, kisha akamtazama usoni.

— Nakudai neno moja, fundi. Liseme.